Siku Tuliyokwenda Kuikatia Benzi Bima

Baba yangu alimwendesha mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Oldeani kwa miaka ishirini na miwili. Mzungu alipofungasha virago akarudi kwao, hakuwa na fedha ya kumpa kiinua mgongo, au alikuwa nayo akaionea uchungu, mimi sijui. Alichompa ni benzi. Nyeusi, kuukuu hata kwa wakati ule, yenye viti vya ngozi na taa moja ya mbele iliyong'olewa kwenye lori. Wakabadilisha jina kwenye kadi ya gari, wakapeana mikono, na baba akalileta gari nyumbani Karatu, akaliegesha kando ya banda la kuku.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vimekwisha na maduka hayana kitu. Sukari ilikuwa ya foleni, petroli ya kibali, na mtu mwenye benzi aliulizwa kwa macho ameitoa wapi. Baba hakujali macho ya watu. Aliliosha gari kila Jumamosi kwa maji tuliyoyateka mbali, nami nikinuna kila Jumamosi. Alibeba maharusi wa Karatu, wa Endamarariek, hata wa Mbulu, na walichompa ndicho alichokula. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuja kutoka Singida kijana wa kuchuma kahawa, akafundishwa kuendesha, na miaka yote ile ikageuka kuwa hilo gari. Kama lingeondoka, baba angebaki na kofia ya kaki na leseni.

Sasa bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele ilikatwa na mzungu, na ilikuwa imekwisha. Baba alijua. Alijifanya hajui. Askari mmoja wa barabarani aliyemheshimu alikuja nyumbani kwa miguu, akakataa chai, akasema, "Mzee, mimi nimefumba macho mpaka nimechoka. Jumatatu mkubwa wangu anaanza msako. Gari lisilo na bima linalala kituoni mpaka kesi iishe." Nilishayaona magari yanayosubiri kesi. Yanakaa juani na mvuani hadi nyasi zinatokeza kwenye boneti.

Nilikwenda posta nikapiga simu ofisi ya bima Arusha. Aliyepokea akaniambia benzi ya umri huo hawawezi kuikadiria kwa simu, lazima waione. Nikamuuliza tutaifikishaje Arusha wakati haina bima. Akasema, "Ileteni tu, ndugu," akakata. Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima, na mimi mwalimu.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kana kwamba alishalifikiria kwa siku nyingi, "Benzi haisimamishwi ikiwa na mtu nyuma."

"Mtu gani?"

"Wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama anayefundisha kazi. Askari akiona benzi na dereva peke yake, atasimamisha, dereva ni mwenzake. Akiona mtu amekaa nyuma, ametulia, anasoma, hatathubutu, maana hajui kama ni wa chama, wa wizara, au mke wa nani. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kusimamishwa na bwana akiwa nyuma. "Wewe kaa nyuma usome karatasi zako. Usitazame nje. Mkubwa hatazami nje."

"Baba, mimi nafundisha darasa la tatu."

"Nani kakuuliza darasa?"

Ijumaa nikaomba ruhusa shuleni, nikavaa gauni langu la Pasaka, nikachukua faili lenye insha za wanafunzi. Baba alitoka ndani amevaa kofia ya kaki na shati lililopigwa pasi hadi kola imesimama. Alinifungulia mlango wa nyuma. Nikamwambia aache mchezo, nitaufungua mwenyewe. Akabaki amesimama, mkono kwenye kitasa, mpaka nikaingia. Kisha akaufunga taratibu, bila kelele.

Nilimfahamu baba kama mtu wa maneno. Asubuhi ile nyuma ya usukani alikuwa mtu mwingine. Nilimuuliza kama petroli itatosha, hakujibu. Nikauliza tena, akaniambia bila kugeuka, "Dereva haulizwi ovyo. Soma." Nikabaki natazama kisogo chake na mvi zilizotokeza chini ya kofia. Kumbe hivyo ndivyo alivyoshinda miaka yote ile, na sisi nyumbani tukidhani anatembea tu. Nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Tuliteremka mlima, vumbi jekundu likiingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Mto wa Mbu kulikuwa na askari wawili kando ya barabara. Nikainamia insha ya mtoto aliyeandika kwamba mbuzi wao ana tabia njema, nikausoma mstari uleule mara tano. Gari likapunguza mwendo. Nikasikia viatu vikigongwa, na baba akaongeza mwendo tena. Tulipigiwa saluti, mimi na mbuzi mwenye tabia njema.

Mbele ya Makuyuni, tulipokwisha kushika lami, afisa wa polisi alisimama kando ya barabara na begi dogo, akanyoosha mkono. Baba akasimama. Sijui angefanya nini kingine. Afisa aliinama dirishani kwake, akasema gari lake limeharibika, ana kikao Kisongo, je, mheshimiwa ataona vibaya akimpa lifti? Baba akageuka, kwa mara ya kwanza tangu nyumbani, akanitazama kusubiri amri. Nikatikisa kichwa kukubali.

Afisa alikwenda kupanda upande wa kushoto mbele, kwa heshima, akaniacha nyuma peke yangu. Ile karatasi ya bima ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, mbele ya pua yake kabisa. Kwa bahati upande wa ndani ulikuwa mweupe, tarehe zilitazama nje. Alipopanda alizungukia nyuma ya gari, hakuziona. Akishuka je, akapitia mbele?

Tukaondoka. Kisha akageuka nusu. "Samahani, mheshimiwa. Wizara gani vile?"

"Elimu," nikasema. Hapo sikudanganya.

"Kazi nzito hiyo."

"Nzito," nikasema, nikatia vema kwenye insha ambayo sikuisoma.

Akamgeukia baba. "Na wewe mzee, umemwendesha mheshimiwa muda mrefu?"

"Tangu alipozaliwa," baba akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa akacheka kidogo. Kutoka pale hadi Kisongo niliona jinsi anavyochunguza: kofia ya baba iliyochakaa ukingoni, kiti chenye kiraka, gauni langu kwenye kioo kidogo cha juu. Nikaanza kutunga nitakachomwambia hakimu.

Kisongo akaomba ashuke. Alichukua begi, akafunga mlango, akazunguka kwa mbele ya gari. Akasimama mbele ya kioo. Alisoma ile karatasi, na nadhani aliisoma mara mbili, maana alisogea karibu. Baba hakuondoa mikono kwenye usukani. Nilijua anachofikiria: huyu atalichukua gari hapa hapa, kabla hatujafika.

Afisa akaja dirishani kwangu. Nikateremsha kioo.

"Mheshimiwa," akasema, "mwambie dereva wako asipitie kwingine popote. Ofisi ya bima inafungwa mchana." Akapiga saluti, akaondoka.

Tulipokwisha kumpita, baba alivua kofia akajifuta uso nayo. Tukaendelea hadi mjini.

Ofisini tulikuta kijana aliyevaa suti ya Kaunda, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitupa fomu. Baba akajaza mwenyewe, herufi moja moja, akakataa nimsaidie. Kijana aliipokea, akaisoma, akainua uso. "Mzee, huyu mwenye gari yuko wapi?"

Nikachungulia. Mahali pa dereva baba ameandika jina lake. Mahali pa mwenye gari ameandika jina la mzungu.

"Amekwenda kwao," baba akasema.

"Basi siwezi. Simkatii bima mtu asiyekuwepo nchini."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Niliinuka nikatoa kadi ya gari kwenye faili, kati ya insha, nikaiweka mezani. "Baba, soma hapa. Jina hili la nani?" Nilisema kwa ukali, na watu waliokuwa kwenye benchi wakatutazama. Baba aliitazama kadi kwa muda mrefu. Kadi ile alikuwa nayo kabatini karibu mwaka mzima.

"La kwangu," akasema, akaomba fomu nyingine.

Tukatoka na kijana kwenda kulikagua gari. Alilizunguka, akapapasa kutu chini ya milango, akaiangalia ile taa ya lori, akatikisa kichwa. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe, kwa benzi ilikuwa haishikiki, akaeleza, kwa sababu spea zake hazipo nchini. Alipotaja kiasi nilijua hata nikiuza godoro langu fedha haitafika. Kisha akashusha sauti, kijana mwenye huruma yule. "Mzee, iko njia. Niandike thamani yake kama chuma chakavu. Bima kubwa itashuka, utaimudu. Ila likipata ajali, utalipwa kama chuma chakavu."

"Mkubali," nikamwambia baba. "Ni karatasi tu."

"Na ile ndogo?" baba akauliza.

"Ndogo ni rahisi. Lakini hiyo inamlipa uliyemgonga. Gari lako halilipwi kitu."

Baba aliweka kiganja juu ya boneti, pale palipokuwa pangali moto kutokana na safari. Nilimwona akipiga hesabu, na haikuwa hesabu ya fedha.

"Niandikie ndogo," akasema. "Chakavu sitaki kuandikiwa. Miaka yangu siyo chakavu."

Nilimgombeza pale pale, barabarani, mbele ya kijana wa watu. Nilimwambia kiburi hakiliwi, likianguka mtaroni kesho atabaki mikono mitupu kwa sababu ya neno moja. Alinisikiliza, akaingia ndani, akalipa. Karatasi mpya ikabandikwa juu ya alama ya ile ya zamani.

Kurudi tulikwenda mwendo wa jongoo. Kila shimo alilikwepa kama amebeba mgonjwa, kwa kuwa sasa likivunjika limevunjika. Nilikaa mbele, kwenye kiti alichokalia afisa, bado nimenuna. Tulipita Mto wa Mbu, tukapanda mlima, na juu kabisa, jua likiwa limeanza kushuka, baba akaegesha pembeni akazima injini. Nikadhani kuna pancha.

Akashuka. Akafungua mlango wa nyuma, akasita kidogo, akaingia, akakaa pale nilipokaa asubuhi. Aliweka mikono magotini. Alitazama mbele, kwenye kisogo cha kiti chake mwenyewe kisicho na mtu. Nikageuka nikamtazama, na hasira yote ikaniisha.

"Ulikuwa hujawahi kukaa huko?" nikamuuliza.

"Nimefuta kiti hiki kila siku," akasema. "Kukaa, bado."

Alijisogeza, akajiegemeza, akajisogeza tena.

"Kinachoma," akasema. "Iko springi hapa, kushoto. Na wewe umekaa nayo toka asubuhi hukusema."

"Uliniambia nisome."

Akatulia. Akavua kofia, akaiweka kitini kando yake.

"Kaa kaa kidogo, mwanangu," akasema. "Hatuna haraka. Mwenye gari anapumzika."