Kibati Namba Saba

Mguu wangu ulivunjwa na shimo la muhanga, siku za Mdachi, nikiwa na mkoba wa barua mgongoni. Muhanga hufukua mchwa usiku, asubuhi anakuachia shimo katikati ya njia. Mfupa uliita kah! nikausikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Nilikuwa tarishi wa boma la Dodoma. Kipande changu cha njia kilianzia bomani, kikapita Zuzu, kikaishia kwenye korongo lenye visima vya mchanga. Hapo nilimkabidhi mkoba mtani wangu, Mnyamwezi, naye akakimbia nao kuelekea magharibi. Mkoba wa kurudi tuliupokezana vivyo hivyo. Kila tarishi alivaa shingoni kibati cha shaba chenye namba: changu saba, chake nane. Mwenye kibati askari hawakumgusa. Asiyekuwa nacho alikamatwa kubeba mizigo, na akianguka njiani aliinuliwa kwa kiboko. Kwa hiyo kibati kile kwangu kilikuwa uhai.

Mtani ndiye aliyesikia mayowe yangu. Alinibeba mgongoni mpaka Zuzu, akinitukana njia nzima kwamba sisi Wagogo tumejaa mlenda mifupani. Watu wa pale wakafunga machela ya kunipeleka kwa mama yangu, Nzuguni. Kabla hawajaniinua, mtani akanivua kibati.

"Nitakuombea ruhusa kwa karani," akasema, "akutunzie na hiki mpaka upone. Ukifa nitakuzika, mtani, lakini nitakuburuta."

Fundi wa mifupa alinifunga kwa magome na kunikataza kusimama. Nililala tangu uwele unavunwa mpaka watu wakaanza kupanda tena. Siku ya kwanza kujaribu mbio nilimfukuza ndama wa mama, nikaanguka kifudifudi, na ndama akasimama kunitazama. Nikamrushia jiwe. Ndivyo nilivyo, mkono wangu hutangulia akili. Lakini kila siku niliongeza kidogo, nikilia kwa maumivu na kumkaripia mama aliyeniambia nipumzike, hadi nikaweza kuyazunguka mashamba yote bila kuchechemea sana.

Ndipo nikaenda bomani. Nilimkuta karani mpya, mtu wa pwani, aliyeletwa siku zile zile nilipovunjika mguu.

"Shikamoo, bwana karani. Mimi ni namba saba. Nimepona, nimemaliza ruhusa yangu."

"Ruhusa gani?" akauliza. "Namba saba alikuwa hapa jana. Kachukua mkoba, kaenda zake. Wewe ni nani?"

Nikamuuliza huyo namba saba ni mtu wa namna gani.

"Mrefu, Mnyamwezi, maneno mengi. Hajakosa safari hata moja. Na wewe kibati chako kiko wapi?"

Alikuwa tayari ananitazama mabega, kama mtu anayepima mzigo. Nilirudi kinyumenyume hadi nje, halafu nikatimua mbio. Mtani kanila! Niliyemwamini kuliko ndugu kavaa namba yangu, na yake bila shaka kampa jamaa yake. Nilipita Zuzu bila kuomba maji. Mguu ule niliokuwa nikiubembeleza miezi yote niliusahau kabisa. Kama uliniuma, sikuusikia.

Nilimkuta korongoni, amelala chali kando ya visima, mkoba chini ya kichwa, miguu imefunikwa kaniki. Mama mmoja alikuwa akinywesha ng'ombe karibu naye. Sikusalimia mtu. Nilimpiga mtani fimbo mbili za bega.

"Mwizi! Nipe kibati changu!"

Alifumbua macho. "Umechelewa, Mgogo," akasema.

Yule mama alinishika mkono. "Unampiga mgonjwa? Wewe ndiye yule aliyevunjika?"

"Ndiye mimi."

"Basi huna haya. Tangu kiangazi huyu anakimbia njia mbili peke yake, yako na yake. Alisema bomani wakijua umevunjika watakufuta, halafu utakamatwa ukabebeshwe mizigo na mguu huo. Jana alifika hapa anatambaa."

Akaifunua ile kaniki. Kucha hazikuwapo. Nyayo zilikuwa zimepasuka mpaka nyama, mguu mmoja umevimba na kuwa mweusi hadi kwenye kifundo, na nzi walikuwa wameshaujua. Shingoni alivaa vibati viwili. Fimbo ikaniponyoka.

"Mtani," nikasema, nikapiga magoti kando yake.

"Mkoba umelala hapa tangu jana," akasema, akijivua vibati vyote viwili. "Utanipiga baadaye. Kwanza barua."

Nilivivaa nikaondoka. Sasa mguu uliniuma, uliniuma kila hatua, na sikusimama. Niliingia kwenye kituo cha mwisho wa kipande chake jua likiwa linazama. Tarishi wa pale akaniuliza namba nane yuko wapi.

"Anatoa mwiba," nikamwambia. "Safari ijayo atakuja mwenyewe."

Mtani hakukimbia tena. Aliishi miaka mingi akitembelea magongo, na kila tulipokutana alinitania mbele za watu kwa fimbo zile mbili. Watu walicheka sana. Mimi sikuweza hata mara moja.