Ndoo ya Pili

Harufu ya samadi mbichi ikichanganyika na moshi wa kuni zilizolowa hainichukizi kama inavyowachukiza watu wa mjini. Mimi inaninyima raha. Nikiipata mahali popote, hata kwenye maonyesho ya wakulima, miguu yangu hutaka kuondoka na masikio hukaa tayari kusikia mtu akikohoa. Ni harufu ya nyumbani kwetu Nyanga, nje kidogo ya Bukoba mjini, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha lakini vilikuwa bado havijatutoka mdomoni, na UKIMWI, ugonjwa ambao watu waliuita Juliana kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka huko, ulikuwa umeanza kufunga nyumba moja baada ya nyingine.

Baba yangu, ambaye tulimwita Tata, alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Alikwenda vitani na mgambo akarudi na goti bovu, na tangu hapo akawa anasema kwamba wanaosifia vita kwa sauti kubwa ni wale waliovisikia redioni. Kuhusu siasa alisema chama kimejua kuita mikutano kuliko kuleta sabuni. Kuhusu dini ndiyo usiseme. Alikuwa katekista, akaacha, kwa sababu mzee mmoja wa parokia alitangaza mbele za watu kwamba Juliana ni adhabu ya Mungu kwa wazinzi. Wageni walipokuja, bibi yangu, Mukaka, aliwaletea kahawa kavu za kutafuna kama desturi yetu Wahaya inavyotaka, wakatafuna na kubishana mpaka jua linaelekea kuzama. Mimi nilikaa karibu nikimeza kila neno. Nilitamani siku moja na mimi niwe na maoni makali kama yale.

Kisha Shangazi Paskazia akarudi. Huyu alikuwa dada mdogo wa Tata, aliyeolewa Muleba, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mume wake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na wakwe zake wakampakia kwenye gari la ndizi pamoja na godoro lake. Alishuka mtu ambaye sikumfahamu mpaka aliponiita jina. Alipewa chumba kilichopakana na jiko, kwa kuwa alisikia baridi muda wote na chumba kile kilikuwa na joto. Lakini kilikuwa pia na moshi. Masika ya kwetu hayana mchezo, kuni hazikauki, na kila Mukaka alipobandika ndizi Shangazi alikohoa mpaka akashika ukuta. Akihamishiwa chumba kingine alitetemeka. Akirudishwa alikohoa.

Tata hakuweza kuvumilia. Kwenye shamba moja la misheni kule Muleba aliwahi kuona shimo linalotoa moto kutokana na mavi ya ng'ombe, na alivyo mtu wa kushika jambo, akaenda huko mara tatu kuuliza na kuchora. Akachimba shimo nyuma ya zizi, akalijengea matofali. Akapata mapipa ya mafuta yaliyoachwa na magari ya jeshi, akampelekea fundi wa Hamugembe ayachomelee kuwa pipa moja kubwa, akalifudikiza juu ya shimo likusanye gesi na kuvuta bomba mpaka jikoni. Alifurahi sana kwamba mabaki ya vita yatampikia dada yake uji. Akaniita akanipa kazi.

"Koku, kila asubuhi kabla ya shule, ndoo mbili za samadi humu ndani na ndoo mbili za maji. Usipunguze hata kidogo. Pipa likijaa gesi, shangazi yako atapumua."

Tulikuwa na ng'ombe watatu tu, maana wengine waliliwa na vita, na samadi yao ilitoa ndoo mbili kwa siku, ikizidi ni kidogo. Na samadi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kwetu ng'ombe hufugwa kwa ajili ya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na kibanja kilikuwa mikononi mwa Mukaka. Babu alizikwa humo humo kati ya migomba, na baba yake babu pia. Mukaka hakubishana na mwanawe. Alinisubiri nyuma ya zizi.

"Mjukuu wangu, migomba ikifa tutakula moto?" aliniuliza kwa upole. "Babu yako amelala pale. Mpelekee samadi yake. Tata yako ana mambo mengi, usimsumbue kwa kumwambia."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia Tata. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu niliwapenda wote wawili na sikutaka yeyote anikunjie uso. Nikagawa. Ndoo moja shimoni, ndoo moja kwenye migomba, na shimoni nikaongeza maji ili ujazo usipungue. Nilijiona nimekuwa na akili kuwashinda watu wazima.

Wiki zikapita. Siku Tata alipowasha kiberiti mara ya kwanza tulijazana jikoni, Shangazi ameegemea mlango akiwa amejifunga blanketi. Moto wa buluu ukatokea, mdogo kuliko ukucha wangu, ukazimika kabla maji ya uji hayajapata hata joto. Tata akasema bomba linavuja. Akapaka povu la sabuni kila kiungo kutafuta tundu, na sabuni yenyewe ilikuwa adimu. Akafungua bomba, akafunga. Akamwita tena fundi wa Hamugembe, wakagombana. Alikonda kwa kazi ile. Mimi nilisimama pale nikimwangalia, na kila asubuhi nikaendelea kugawa, maana sasa nilikuwa naogopa zaidi: nikianza kutia ndoo mbili na moto ukawaka, si itajulikana?

Asubuhi moja Shangazi alikuwa ameketi nje akiota jua. Nikapita na ndoo zangu. Akaniuliza, "Zote hizo zinakwenda shimoni, Koku?"

"Zote, Shangazi," nilisema.

"Vizuri, mama. Jitahidi," akasema, akaanza kukohoa, na mimi nikazunguka nyumba na ndoo moja kuelekea kwenye migomba.

Alifariki kabla masika hayajaisha, katika chumba kile kile chenye moshi. Wiki iliyofuata Tata alifukia shimo peke yake, hakutaka kusaidiwa. Toka hapo maoni yake yakabadilika. Akawa anasema wataalamu ni waongo, misheni ni waongo, serikali inayohimiza mambo mapya inachezea maskini. Jirani mmoja wa Kibeta alipotaka kujenga mtambo kama ule, Tata alimkatisha tamaa mpaka akaacha. Mke wa yule jirani amepikia moshi maisha yake yote.

Sasa mimi ni mtu mzima, na maoni ninayo tele. Nasema kwenye mikutano ya nishati safi, nasema kanisani, nasema kuhusu vita vya nchi za watu na viongozi wa kwetu, na watu huniambia nimemrithi baba. Wataalamu vijana wakisimama kueleza kwamba vijijini teknolojia hukwama kwa sababu ya mila na ujinga, mwili huniwasha. Natamani kuwaambia kwamba wakati mwingine hukwama kwa mtoto anayetaka kupendwa na kila mtu. Siwaambii. Naongea kwa ukali zaidi juu ya kitu kingine, nikifika nyumbani sili.

Krismasi iliyopita nilimwambia Tata. Anakaribia miaka themanini na goti limemshinda kabisa. Nilimweleza yote, ndoo kwa ndoo, bila kumwangalia. Akauliza, "Ulikuwa unatia moja tu?"

"Moja tu, Tata. Na maji nikizidisha."

Nikamwona anapiga hesabu kwa vidole. Uso wake ukaanza kung'aa. "Basi mtambo ulikuwa mzima," alisema. "Haukuvuja. Nilijenga vizuri." Alicheka, akanishika mkono, akasema tena kwamba alijenga vizuri, na kwa muda kidogo nilidhani nimesamehewa. Halafu kicheko kikakatika katikati. Akaachia mkono wangu polepole, akageuka kuutazama ukuta wa kile chumba kilichopakana na jiko.