Mfagiaji Aliyekataa Kumdanganya Mathenge

Watu wa Nakuru wakianza kusifu wauguzi hodari wa zamani, mimi hukaa kimya nikicheka moyoni. Hodari kuliko wote niliyemjua hakuwa muuguzi. Alikuwa mama yangu, Nabalayo, mfagiaji wa wodi ya watoto, mke wa mchochea makaa wa reli, mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake. Anayetaka kubisha na abishe.

Mwaka wa 1957 aliletwa mtoto wa miaka mitano kutoka Elburgon, ambako babake alipasua mbao. Jina lake Mathenge. Alikuwa na ngiri, na daktari alimfanyia upasuaji vizuri kabisa. Shida ilikuwa usingizi. Siku tatu mtoto hakulala. Kila usingizi ulipomwelemea alijirusha akaketi akipiga mayowe, hadi mshono ukaanza kutoa damu. Daktari alisema wazi kwamba mshono ukifumuka atarudishwa mezani, na mwili ule mdogo huenda usihimili mara ya pili.

Dawa ya usingizi aliitapika. Wauguzi walimbembeleza, "Lala kidogo, mtoto mzuri, lala kidogo tu," naye akazidi kulia.

Mama alikuwa akipiga deki chini ya vitanda, na mtu wa deki huona mengi. Aliona kwamba Mathenge hakulia wakati wa kubadilishwa bandeji. Alilia akiambiwa alale. Basi Jumatano, siku ya kutazama wagonjwa, akamngoja mamake mtoto, Wangare, pale mlangoni.

"Mama Mathenge, siku ile mlimleta mlimwambia nini?"

Wangare akainamisha kichwa. "Nilimwambia tunakuja kuona treni. Angejua ni kisu hangetoka nyumbani. Hapa nao wakamwambia alale kidogo, akiamka ataiona."

"Akaamka tumbo limeshonwa na wewe hupo."

"Waliniambia niende."

Hasira za mama zilikuwa karibu. "Kwetu Bukusu kijana akienda kisuni kutahiriwa anajua. Anazunguka mwenyewe na njuga akiita wajomba. Na kwenu Wagikuyu pia hakuna anayeviziwa. Huyu mbona mlimvizia kama kuku wa wageni?"

Wangare alilia. Mama alimwonea huruma, lakini maneno yake hakuyarudisha.

Alasiri ile, wageni walipoondoka, mama aliketi sakafuni kando ya kitanda cha Mathenge. Mfagiaji hakuruhusiwa kukaa na wagonjwa, na aliyekamatwa alifutwa kazi.

"Mathenge, walikudanganya," alisema. "Treni haikuwako. Ulikatwa hapa, ukashonwa. Ukitulia, patapona. Mimi sikuambii ulale. Nimekaa tu."

"Utaenda," mtoto akasema.

"Nikitaka kwenda nitakuambia kwanza."

Mathenge alifumba macho, akayafumbua ghafla ili amfume akitoroka. Yupo. Akafumba tena, akafumbua. Yupo. Mara ya nne hakufumbua.

Ndipo akaja Sista, Mzungu aliyesimamia wodi, akakuta ndoo imeachwa katikati ya njia.

"Wewe nafanya nini hapa chini?"

"Nimemwahidi, Sista. Nikiondoka bila kumuaga hatalala tena hapa, na hatamwamini mtu."

Sista alimtazama mtoto, akaitazama ile bandeji ambayo kwa siku tatu haikuwa imekauka, kisha akaisogeza ndoo ukutani kwa mguu na kwenda zake. Mathenge alilala mpaka kulipopambazuka. Mama aliporudi nyumbani miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mimi, Naliaka, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyemkanda kwa maji moto. Sijawahi kushika miguu ya mtu mkubwa kuliko yule. Mshono haukufumuka, na mtoto akarudi Elburgon kwa miguu yake.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msichana mdogo aliyengoja kupasuliwa, akitetemeka. Sista aliwapita wauguzi wake wote wenye kofia nyeupe, akaenda kumtafuta mama alikokuwa akisugua sakafu.

"Nabalayo, ambia yeye."

Mama akanawa mikono, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Utakatwa," akamwambia, "na itauma. Ukiamka utanikuta hapa."

Na alimkuta.