Kitwitwi wa Shimo la Makumbi

Nilipokuwa mtoto, jino la mbele sina na mdomo haukomi, Kigombe kwetu watu wazima walimwogopa ndege asiyejaza sahani. Kitwitwi: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na akisimama hatulii, mkia juu, mkia chini. Walisema anahesabu. Atakayetikisiwa mkia siku tatu mfululizo, nyumbani kwake litatoka jeneza.

Basi akahamia kwa bibi yangu. Wanawake wa kwetu hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani yaoze, kisha huyafukua, huyaponda, wakasokota kamba. Wiki ile Bibi alikuwa akifukua yake, na kila asubuhi ndege yuko pale shimoni.

Jirani yetu Bi Mize, ambaye mdomo wake haukuwa na komeo (nasema mimi!), akatangaza, "Kamfuga huyo! Anamtuma!" Wenzake wakaafiki: Bibi ahame pwani. Na sisi bila shimo hatuna kamba, bila kamba hatuli.

Nikaenda kulala kifudifudi nyuma ya mikoko, nimtazame huyo mchawi. Nikamwona vizuri: weupe wa tumbo umempanda mpaka begani, miguu ya kijanikijani. Mara wa pili huyo. Wa tatu. Wote sura moja, wote wanatikisa mikia, hata kwa kaa! Kumbe wanafuata matope yaliyofukuliwa punde, wadonoe vidudu.

Sasa niseme ambalo Bibi alikufa halijui. Kesho yake, watu hawajatoka, nilishika mti nikalichokoa shimo la Bi Mize mpaka likanuka.

Wanawake walipofika, vitwitwi wanne wamejipanga juu ya makumbi yake, mikia inakwenda.

"Haa! Bi Mize, wako wameshazaa?" akauliza mmoja wao.

"Si wangu!" akapiga kelele. "Ni ndege tu wa matope hawa!"

"Sema tena, shoga," akasema Bibi, "sikio hili halisikii vizuri."

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye tope. Bibi akashika nyundo yake, akaponda makumbi, na habari ya kuhama hakuna aliyeigusa tena.

Bi Mize nilikuja kumpenda, na alipokufa nilimlilia kwelikweli. Hakuwa mbaya, aliogopa, na hakuwahi kuinama akatazama. Mimi sikusoma sana. Lakini mpaka leo nikisikia bibi kizee fulani kanyooshewa kidole kwa sababu ya ndege, naenda, nakaa, nauliza, "Miguu yake ilikuwa rangi gani?" Hajatokea bado wa kunijibu.