Jumamosi za Shamba Letu

Juzi pale stejini, kituo cha matatu cha Kawangware 56, kijana mmoja mwenye spika begani alinisimamisha na kunipa karatasi ya kuuza viwanja, yenye picha ya nyumba nyeupe na nyasi za kijani. "Mathee, saiti visit ni Saturday. Gari iko, lunch iko, wewe ni kuleta tu watoto." Alikuwa na adabu na meno mazuri, na mimi nilitamani kumzaba kofi. Sikumzaba. Nilibaki nimesimama kando ya duka la misumari na mabati, pua ikinusa chai ya tangawizi iliyochemshwa kwa kuni mbichi, nami nikawa na miaka tisa tena.

Mama yangu alikuwa akiuza chapati na maharagwe karibu na steji hiyo hiyo. Chumba chetu kilikuwa nyuma kidogo, katika safu ya vyumba vya mabati ambako jirani akikohoa, wewe ndiye unayesema pole. Kila jioni mimi nilichagua maharagwe, mdogo wangu akapepea jiko, mama akakanda unga. Alikuwa mjane. Baba alipofariki, ndugu zake kule magharibi walimwambia mama kwamba shamba ni la ukoo, na kama alikuja na mkoba, basi aondoke na mkoba. Aliondoka nao, pamoja na sisi wawili. Habari hiyo hakupenda kuizungumzia, ila kulikuwa na maneno aliyoyarudia huku akikanda: "Kuishi kwa kupanga si kitu. Taabu ni siku ya kuzikwa." Kwetu mtu huzikwa kwake, na yeye hakuwa na kwake. Mimi nilidhani watu wazima wote huwaza makaburi wakipika.

Alikuwa na chama cha kuchanga akiba na wanawake aliokuwa amekaa nao mtaa wa Laini Saba kabla sote hatujahamia Kawangware. Kulikuwa na fundi wa cherehani, mama mboga, muuza omena na wengine wachache, na wote walipenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Mama ndiye aliyewashikia pesa, maana alijulikana kumkimbilia mteja barabarani ili amrudishie chenji aliyoisahau.

Ndipo akatokea mzee wa kanisa. Alikaa kiti cha mbele, aliimba sauti nzito iliyotikisa madirisha, na alijua majina yetu sisi watoto wote. Aliwaambia akina mama wa chama kuna shamba upande wa Kitengela, linakatwa vipande, na yeye moyo wake unamtuma kuwatanguliza wajane kabla matajiri hawajanusa. Angewapeleka wakalione kwanza. Hakutaka mtu anunue mbuzi kwenye gunia, ndivyo alivyosema.

Jumamosi ya kwanza tulipanda kanta, lori dogo la kukodi, wanawake na watoto na masufuria, tukashuka kwenye uwanda usio na kitu. Rafiki yangu, sijui kama nawe umelelewa penye kelele. Mama alikuwa amezoea kupaza sauti ili azishinde redio za majirani. Pale alifungua kinywa, akasikia sauti yake mwenyewe inakwenda mbali bila kugonga ukuta, akashtuka. Siku nzima alizungumza kwa kunong'ona. Mzee wa kanisa akavua viatu, nasi tukavua, akaomba juu ya ule udongo mweusi mpaka jua likatuchoma utosi. Wanawake walilia. Kisha wakapika chai.

Baada ya hapo tulikwenda kila walipomaliza kuchanga kiasi fulani, maana mzee alitaka pesa zipokelewe shambani, mbele ya Mungu na mashahidi. Nakwambia, hapakuwa na sikukuu iliyoshinda Jumamosi hizo. Muuza omena alikaanga omena wake wazuri, wale asiowauza. Fundi wa cherehani alifunga leso kiunoni akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Tuliokota mawe, tukayapaka chokaa, tukazungushia kila familia kipande chake. Mama alitutembeza ndani ya nyumba isiyokuwepo: hapa jiko, hapa wasichana, usipite hapo ni ukuta. Mdogo wangu alidai chumba cha mbwa, na hatukuwa na mbwa. "Na mimi mtaniweka pale karibu na ua," mama akasema, "niwasikie mkigombana." Aliyasema akicheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akilitaja kaburi huku anacheka.

Alipanda hata viazi vitamu, kwa mbegu zilizotoka kwao magharibi ndani ya gunia lililoloweshwa. Pale hapakuwa na maji. Kwa hiyo tulinunua maji Kawangware, maji ya mitungi ambayo nyumbani tulioga kwa kikombe, tukayasafirisha kwa kanta hadi Kitengela kumwagilia viazi. Hakuna aliyeona ajabu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesema kitu. Mwalimu wetu alipanga chumba cha tatu kutoka chetu, na jioni moja alikuja kununua chapati akauliza, "Mama, mmefanya sachi? Mnaenda ofisi ya ardhi, mnalipa kitu kidogo, mnaonyeshwa jina la mwenye shamba."

Mama aligeuza chapati kwanza. "Mwalimu, huyo mzee ametuombea tukiwa tumefunga macho. Sasa nianzie wapi kumchunguza? Akisikia si ataumia?"

Mwalimu akasema ni kweli, akalipa, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama ningemjibu mama vizuri zaidi. Siku hizi redio zinatuambia tuulize, tuhakikishe, tusitume pesa upesi. Wanadhani watu huibiwa kwa ujinga. Mama aliibiwa kwa heshima zake.

Baada ya mvua ndefu, tulifika tukakuta kanta nyingine. Wanawake tusiowajua walikuwa wamekaa kati ya mawe yetu, sufuria iko motoni, mtoto wao amekalia tuta la viazi. Mama alifurahi kupata majirani. Akawasogelea na mikono wazi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nao wakacheka, wakatukaribisha, wakatumiminia chai. Tuliinywa.

"Na nyinyi chenu ni kipande gani?" mama akauliza.

"Ni hiki."

"Hiki gani?"

"Hiki tumekalia, mama. Tumeombewa hapa Jumamosi iliyopita."

Mama akaweka kikombe chini. Baadaye akaja mwanamume mwenye fimbo na koti refu, akasimama mbali, akisubiri. Fundi wa cherehani alimwendea, akamuuliza kama anamjua mwenye shamba. "Ni mimi," akasema. "Sijauza. Akina mama, watu huja kila mara, wanaomba, wanapika. Mimi huwaacha wamalize kula."

Tulirudi na masufuria yaliyojaa chakula. Mzee wa kanisa hakuonekana tena. Polisi walituuliza anakaa wapi, nasi tulijua kiti chake tu. Kisha likaja lililo baya zaidi. Kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa akishika pesa, mama mboga alisema lazima kuna kitu alichomegewa na yule mzee, na wengine hawakumkatalia. Mama alijitetea mara moja tu. Wale waliocheza naye shambani walianza kupita ng'ambo ya barabara ili wasisalimiane naye, na chapati zikalala. Hakujiunga na chama kingine. Kanisani alikuwa akiomba macho wazi.

Watu huniuliza kama nina uchungu na shamba. Udongo ule haukuwa wetu hata siku moja, siulilii. Ninachokililia ni wale wanawake, na mama akicheka. Siku nzuri kuliko zote za utoto wangu nilipewa na mwizi, na siwezi kuzikumbuka bila kumkumbuka yeye amevua viatu. Kuna usiku nachukia hata ile chai.

Mama alitutoka mwaka jana. Tulipiga simu magharibi, wakatuambia maneno yale yale ya mkoba. Tukaenda makaburi ya umma. Karani wa pale, mtu mpole, alitueleza kwamba kaburi la kudumu lina bei yake, na hili tunaloliweza ni la muda. Miaka ikipita, atawekwa mwingine hapo hapo. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tunaweza kuwa tunalipa kidogo kidogo kila mwezi, kama kodi, ili mama asihamishwe.

Karani alicheka, akidhani ni mzaha. Alipotuona nyuso, akaanza kutuomba msamaha.