Pointi Ishirini na Mbili za Nélida

Nélida Checca alikuwa ameshindwa mara mbili mtihani wa kuingia udaktari, na mara zote mbili alishindwa kwa heshima: mwaka wa kwanza alipungukiwa pointi tisa, wa pili pointi tatu. Kwa hiyo alipoanza mwaka wa tatu katika kituo cha tuisheni cha Kilele, pale mjini Arequipa, hakuna aliyemhesabu kuwa ameshindwa. Walimhesabu kuwa amebakiza kidogo. Kila Jumapili walifanya mtihani wa majaribio, maswali mia kwa saa tatu, na kila Jumatatu asubuhi majina yalibandikwa ukutani kando ya ngazi, wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja na pointi zake. Tangu Januari jina la juu kabisa lilikuwa lake. Wenzake walishaacha kumwita Nélida.

"Daktari, nipishe nipite."

"Daktari, mgongo unaniuma, niandikie dawa."

Yeye alijifanya kuchukia, lakini siku ambayo hakuna aliyemwita hivyo alirudi nyumbani amenuna.

Aliyekuwa na uhakika kuliko wote ni mwalimu wa hesabu, Profesa Abdón Zegarra. Mzee huyu alikuwa na daftari kubwa la miraba ambamo kwa miaka kumi na tisa aliandika matokeo ya majaribio ya kila mwanafunzi, na mbele yake pointi alizopata siku ya mtihani wenyewe. "Nipe majaribio yako sita ya mwisho," alipenda kusema, "nami nitakwambia utapata ngapi. Nikikosea, nitakosea kwa pointi nne au tano. Anayezidi ana bahati, anayepungua alikunywa kahawa nyingi." Wanafunzi walicheka, ila wiki ya mwisho kabla ya mtihani walipanga foleni mlangoni kwake.

Mwezi wa Machi akaja Flor.

Flor Suni alikuwa binti wa mjomba wake Nélida, kutoka kijiji cha Cabanaconde, kule juu milimani. Alifika na begi moja na gunia la mahindi, akapewa kitanda cha pili chumbani kwa Nélida. Mama yake Nélida, Zenobia, aliyeuza adobo, mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe, kila Jumapili asubuhi, alimpokea kama mtoto aliyekuwa amepotea. Flor naye alitaka udaktari. Jumapili yake ya kwanza alikuwa wa mia moja na arobaini.

"Usijali, binamu," Nélida alimwambia, na alimaanisha kabisa. "Wote huanza chini. Ukikwama, niulize." Akampa vitabu vyake vya mwaka jana, akamwonyesha njia ya mkato ya kusawazisha milinganyo ya kemia. Hakuna kitu kitamu kama ukarimu kwa mtu aliye wa mia moja na arobaini.

Lakini Flor alikuwa na namna yake ya kusoma. Kila alipofanya karatasi ya zamani aliweka saa mezani, akafunga mlango, na hakunyanyuka mpaka saa tatu ziishe, hata kama shangazi yake anaita watu chakulani. Kisha alikaa na makosa yake kama mtu anayechambua dengu, moja moja, huku akijicheka kwa sauti. "Tazama nilivyo mjinga, Nélida! Nimegawanya kwa sifuri!" Aprili akawa wa themanini. Mei, wa ishirini na mbili. Wiki ya kwanza ya Juni, wa nne.

Hapo ndipo Nélida alipoanza kumsikia akitafuna. Kabla ya hapo hakuwahi kutambua kuwa Flor hutafuna. Sasa alisikia kila punje ya mahindi. Aliona mwandiko wake ulivyo wa duara kama wa mtoto, akauchukia. Jumapili moja mama alipopakua adobo, ile nyama yenye mafuta ambayo tangu utotoni ilikuwa ya Nélida ikaangukia kwenye bakuli la Flor.

"Mama, ile yangu."

"Ah, mwanangu, mwenzio amekonda. Wewe una mwili."

Nélida alikula mchuzi bila kuuonja.

Jumatatu ya tatu ya Juni alipanda ngazi kama kawaida, akatazama juu ya orodha bila haraka, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Suni, Flor: themanini na moja. Checca, Nélida: sabini na tisa. Nyuma yake kijana mmoja akapiga mluzi. "Lo! Daktari amepata msaidizi!" Mwingine akadakia, "Msaidizi yupi? Huyo ndiye bosi sasa!" Flor mwenyewe alimkumbatia, akamnong'oneza kwamba labda wamekosea kusahihisha. Hilo lilimuuma zaidi. Angemcheka angalau wangegombana.

Sasa, mchana Nélida alifanya kazi katika duka la fotokopi la bwana Melquíades, mkabala na kituo. Kila Ijumaa kituo kilileta pale bahasha ya mtihani wa Jumapili ili zitolewe nakala mia tatu, na karatasi ya mwisho ndani ya bahasha ilikuwa ya majibu. Kwa miaka miwili Nélida aliitoa hiyo, akaigeuza kifudifudi na kuiwekea stepla juu yake. Bwana Melquíades alikuwa akimsifu kwa wateja: "Huyu binti ana macho ila hayaoni."

Ijumaa ile hakuigeuza. Alijiambia anaangalia tu kama wino umetoka sawasawa. Alisoma majibu ya fizikia, yote ishirini. Mashine ilikuwa ikinguruma, karatasi zikitoka za moto, na yeye amesimama akisogeza midomo kama anayesali. Jumapili akapata themanini na tano, na Flor themanini.

Ijumaa iliyofuata alisoma fizikia na biolojia. Iliyofuata, alipiga picha.

Alifanya hivyo Jumapili saba. Alikuwa na akili ya kutosha kukosa maswali kadhaa kwa makusudi, na alichagua ya kukosa kwa uangalifu. Wakarudi kumwita Daktari. Kila Jumatatu alisubiri Flor afike ngazini ndipo naye apande, ili amwone akisoma majina mawili ya kwanza. La ajabu ni kwamba furaha haikuwa ikikaa. Ilidumu mpaka darasa la kwanza, kisha alianza kuhesabu siku za kufika Ijumaa. Vitabu hakuvigusa sana. Hakuwa na sababu: ukuta ulisema yuko tayari, naye, ingawa alijua jinsi ukuta ulivyodanganywa, alianza kuuamini.

Wiki ya mwisho walipanga foleni kwa Profesa Zegarra. Alipiga hesabu ya Flor akasema, "Sabini na nane, binti. Hapo mlango unaweza kufunguka, unaweza kufungwa." Kwa Nélida alivua miwani. "Themanini na sita. Nenda kanunue koti jeupe." Njiani kurudi nyumbani Flor alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Machi, na Nélida aliona jioni hiyo imependeza kuliko zote za mwaka ule.

Mtihani ulikuwa Jumapili ya pili ya Agosti. Nélida alifungua karatasi, akasoma swali la kwanza, na akili yake, bila kuulizwa, ikaenda kutafuta herufi ya jibu. Herufi haikuwepo. Akaenda la pili. Kufikia la kumi alikuwa anatoka jasho mgongoni. Mambo aliyoyajua vizuri Januari yalikuwa yamepata kutu. Aliyatambua sura lakini hayakumjibu. Karibu yake mtu alikuwa anakohoa, na yeye alikuwa amesahau kabisa jinsi mtu anavyofanya mtihani huku mwingine anakohoa. Zilipobaki dakika ishirini alikuwa hajagusa kemia. Alipaka weusi viduara kwa kubahatisha.

Jioni ile ile matokeo yakatoka. Kuingia udaktari kulihitaji sabini na sita. Flor: sabini na saba nukta mbili. Nélida: sitini na nne.

Majirani walijaa uani. Wakampaka Flor rangi usoni, wakampasulia mayai kichwani, na kama desturi ilivyo kwa aliyefaulu, mtu wa nyumbani akatakiwa kumkata nywele. Zenobia, huku analia, hajui analia kwa ajili ya yupi, akamkabidhi binti yake mkasi. "Kata wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Nélida alishika ule msuko mzito wenye ute wa yai. Alitamani kuukata wote mpaka kisogoni. Alikata inchi mbili za ncha, watu wakapiga makofi, akaingia chooni akafungulia maji.

Huenda angekaa na siri yake hivyo. Mama aliwaambia watu ni woga, na kila mtu alikubali kuwa ni woga. Aliyemshinda ni Profesa Zegarra. Siku tatu baadaye alikuja dukani na lile daftari, macho mekundu.

"Miaka kumi na tisa, binti. Sijawahi kukosea kwa pointi ishirini na mbili. Nimerudia hesabu yako mara sita." Alifungua ukurasa, akaweka kidole. "Ni mimi niliyekwambia ukanunue koti. Nimewaambia wanaofanya mtihani wa Desemba wasinisikilize tena. Kuna mmoja, namba zake mbaya, hesabu yangu ilimwambia achague masomo mengine. Sasa sijui nimwambie nini. Nisamehe."

Kuombwa msamaha ndiko kulikomvunja. "Profesa, hesabu yako ni nzima," alisema. "Niliangalia majibu. Zile Jumapili saba za mwisho zote, niliyaangalia hapa hapa." Bwana Melquíades, aliyekuwa anapanga karatasi nyuma, aliacha kupanga.

Mzee akatoa kalamu. Akachora mstari juu ya Jumapili zile saba, akakusanya zilizotangulia. "Sabini na saba," akasema polepole. "Ulikuwa unaingia, Nélida. Pembeni mwa mlango, lakini unaingia." Akafunga daftari akaondoka bila kuaga.

Kazi ya duka ilikwisha siku hiyo. Nyumbani alimwambia Flor, wakiwa wawili, kila mmoja amekaa kitandani kwake. Flor alisikiliza huku akivuta uzi kwenye blanketi.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Ulikuwa unamaliza biolojia kwa dakika nane. Nani anamaliza biolojia kwa dakika nane?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, nami nakula kwenu?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Halafu nilifurahi, binamu. Nilijua utaanguka. Nilikumbuka ulivyoniangalia siku ya ile nyama, nikajiambia: na aanguke."

Hawakukumbatiana. Nélida alisema tu, "Una roho mbaya kama mimi," na Flor akajibu, "Ni ukoo."

Nélida hakurudi Kilele. Alinunua karatasi za zamani, akaazima saa ya mama, akafunga mlango. Jaribio la kwanza lilimpa hamsini na nane, akalia. La mwisho lilimpa sabini na moja. Mwaka uliofuata alipata sabini na mbili. Kwa pointi hizo alichagua uuguzi, na akaupata. Alimtumia Profesa Zegarra tarakimu zote kwa ujumbe wa simu. Mzee alijibu neno moja: "Nimeandika."

Leo ni muuguzi katika zahanati moja juu ya mji wa Chivay, na wagonjwa hutembea mbali kumfuata yeye. Flor ni daktari wa hospitali mjini, na mara mbili kwa mwezi hupanda kuja kutibu wagonjwa pale zahanati. Wanakunywa chai pamoja, wanasengenya ndugu. Zipo siku koti jeupe la Flor linamwuma Nélida machoni, naye humwambia wazi: "Leo nakuonea wivu, usikae karibu yangu." Flor huhamisha kikombe chake upande wa pili wa meza, na chai inaendelea.