Sehemu Alizozijua Kaka Yangu

Sogea karibu nikueleze kwanza jinsi filamu hizi zinavyokwenda, maana usipojua hilo hutaelewa nilikosea wapi.

Kaka yangu alifuata katuni moja ya Kijapani tangu darasa la sita hadi alipokuwa baba wa watoto wawili. Vipindi vyake havikwisha, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili ilitoka filamu. Filamu zote zilikuwa filamu moja. Mwanzoni stering, yaani shujaa mwenyewe, anagombania chakula na wenzake. Anatokea mgeni mwenye siri, anawapeleka mahali ambapo hapajawahi kutajwa. Huko yuko adui anayewazidi wote waliotangulia. Stering anapigwa, anaanguka majini, anainuka, adui anakwisha. Mgeni anaaga, na katika vipindi vinavyofuata hakuna amkumbukaye. Waandishi wa filamu waliazimwa stering kama mtu anavyoazimwa sufuria na jirani: pika utakacho, ila uirudishe ilivyokuwa.

Nilimcheka sana. Nilimwambia atazame ileile mara mbili. Akanijibu kwamba hata ibada ina mpangilio, na hajawahi kunisikia nikimwambia mchungaji aubadilishe.

Kisha presha ya macho ikamwanza. Alikuwa mkata nyama Soko la Burma, na aliacha kazi mwenyewe siku kisu kilipopita kando ya mfupa aliodhani anauona. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Mwaka uliofuata alikuwa haoni kitu.

Filamu mpya ilipotoka, nilipeleka flashi duka la movie chini ya jengo alimoishi kaka, mtaa wa Pipeline, wakanipakilia. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Wahusika wanasema Kijapani na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo bila msomaji kaka hana filamu. Nikamwambia leo mimi ndiye DJ wake, kama wale wanaosimulia filamu za kigeni huku wakichomekea mizaha.

Walipoanza kugombania chakula nikasema hapa ni yale yale, nikasogeza mbele. Adui alipojitokeza nilimweleza vazi lake kifungo kwa kifungo. Stering alipoanguka majini nikasema unajua atainuka, nikasogeza tena. Nilidhani nampa nyama tupu, nimemtolea mifupa.

Hakucheka hata mzaha mmoja. Akaniomba nisimamishe.

"Sis, umeruka."

"Nimeruka yale unayoyajua."

"Hayo ndiyo ninayoyaona."

Akanieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Yule adui mpya kwake alikuwa sauti tu, hata ningemweleza vifungo vyote. Lakini stering akinyoosha mkono mezani, yeye aliuona ule mkono, skafu yake nyekundu, na uso wa mwenzake anayeporwa. Aliviona kwa macho yake kwa miaka mingi, na sasa hakuwa na vingine vya kuona. Aliogopa vitafifia visipoguswa.

"Na u-DJ wako ni mbaya," akaongeza.

Nikarudisha filamu mwanzo. Nikasema wako mezani, wanne, sahani iko katikati, imebaki mandazi moja.

"Sasa anaichukua," akasema kaka.

Nikatazama. Alikuwa anaichukua kweli. Kuanzia hapo yeye alinitangulia, nami nikabaki kumthibitishia. Tulipofika majini niliweka rimoti chini. Maji yalitulia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Sikuwa nimewahi kuyaacha yapite bila kuyasogeza.

"Ameinuka?" akauliza, mtu aliyejua jibu tangu utotoni.

"Bado," nikamwambia, kwa sababu bado.

Akaweka mkono wake juu ya wangu, tukangoja.

Kwa hiyo ukiketi na mtu asiyeona tena, usianze na mapya. Anza na anachokijua. Mwambie nani wako mezani na sahani iko wapi, kisha nyamaza kidogo umwache aseme.